Chenji ya Rada

Neno "kuwajibika" nimelifundisha kwa miaka mingi, na karibu kila darasa walikuwapo watoto waliodhani limezaliwa na neno "jibu". Kazi yangu ikawa ni kuwaeleza kwamba maneno haya yanafanana sura lakini si ndugu: kuwajibika kunatokana na wajibu, yaani jambo linalompasa mtu, na jibu lina ukoo wake mwingine. Sarufi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, sasa nimestaafu na nina muda wa kufikiri mwingi kuliko fedha, na naona kwamba masikio ya watoto wale yalikuwa yakisikia jambo la kweli. Mtu hawezi kusemwa amewajibika ikiwa hajasimama akajibu. Anaweza kuwa amelipa. Anaweza kuwa amejiuzulu. Anaweza hata kuwa amefungwa. Lakini kama aliyetendewa ameuliza "Kwa nini ulinifanyia hivi?" na hakupewa neno, basi kuna kitu kimebaki mezani.

Swali ninalotaka kulitazama katika kurasa hizi ni hili: je, mwenye kosa akilipa bila kujibu, deni lake limekwisha? Nimechagua mfano ambao Watanzania wote tunaujua kwa jina la mzaha, chenji ya rada. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake wamo serikali mbili, ya Uingereza na ya kwetu, na kwa sababu mwisho wake ulikuwa shuleni, mahali ambapo nimekula chumvi yangu.

Nianze na habari yenyewe, maana vijana wengi wanalijua jina tu. Mwaka 1999 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa kununua mtambo wa rada kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems. Bei ilikuwa karibu dola milioni 40 za Kimarekani, yaani kama pauni milioni 28 za Uingereza, na fedha zilitoka kwenye mkopo wa benki ya Barclays. Kuuza chombo cha namna hiyo nje ya Uingereza kunahitaji kibali cha serikali yao, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, Bibi Clare Short, alipinga waziwazi. Benki ya Dunia iliona mtambo ni ghali mno. Wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, waliouchunguza kwa ombi la benki hiyo, walisema kwamba kwa sehemu kubwa ulikuwa mtambo wa kijeshi, ambao ungesaidia kidogo tu katika kuongoza ndege za abiria. Desemba 2001 serikali ya Waziri Mkuu Tony Blair ilitoa kibali. Hoja iliyosikika zaidi upande wao ilikuwa ajira: rada ilitengenezwa katika kisiwa cha Wight, na kulikuwa na wafanyakazi kule ambao kazi zao zilitegemea oda yetu.

Tazama sasa na kalenda. Novemba 2001, mwezi mmoja tu kabla ya kibali kile, nchi yetu ilifikia hatua ya kupunguziwa madeni kwa mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na Uingereza ilikuwa mstari wa mbele kuupigia debe mpango huo. Mkono mmoja ulikuwa ukifuta deni, na mkono wa pili ukitia saini deni jipya. Wakati huohuo sisi walimu tulikuwa tunajiandaa kwa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Mwaka 2000 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa milioni 4 na ushei. Kufikia mwaka 2004 walivuka milioni 7. Aliyekuwa mwalimu mkuu miaka ile hahitaji kuelezwa takwimu hizo maana yake ni nini. Watoto walikuja kwa wingi kama kumbikumbi baada ya mvua, na ilikuwa furaha kubwa, lakini walikaa chini. Walikaa juu ya matofali, juu ya magogo, juu ya mifuko ya saruji iliyokwisha kazi, na wengi wao juu ya sakafu yenye vumbi. Nimeongoza shule ambayo darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja na ishirini na madawati kumi na moja. Tulikuwa tunawapanga kwa zamu: leo mstari huu unakaa, kesho mstari ule.

Sisemi kwamba rada haikuhitajika. Nchi yenye anga pana kama yetu inahitaji jicho la kuitazama, na serikali yetu ilisema hivyo, na katika hilo ilisema kweli. Swali lilikuwa bei, na aina ya mtambo, na nani alikula nini katikati.

Hilo la katikati lilikuja kuonekana baadaye. Wapelelezi wa Uingereza wa ofisi inayoshughulikia udanganyifu mkubwa wa kifedha, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa kifupi SFO, waligundua kwamba dola milioni 12.4, karibu theluthi moja ya bei yote, zililipwa kwa kampuni za wakala mmoja aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Sehemu kubwa mno ya fedha hizo ilipitia kampuni iliyosajiliwa visiwani mbali, mahali ambapo watu huficha majina yao. Msomaji atauliza: wakala gani duniani analipwa theluthi ya bei kwa kazi ya kuwatambulisha watu? Hata dalali wa mahindi pale sokoni Songea akidai theluthi atafukuzwa na wakulima kwa mawe.

Sasa fika nami mahakamani, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo. Desemba 2010 kampuni ile ilisimama mbele ya mahakama ya Southwark jijini London na kukiri kosa. Kosa gani? Si rushwa. Ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu zake. Mimi nimekaguliwa na wakaguzi mara nyingi, nao humwandama sana mtu kwa hesabu, kwa hiyo nitaeleza kwa mfano wa shule. Tuseme mtunza stoo ametoa magunia kumi ya mahindi ya wanafunzi usiku. Asubuhi anaitwa ofisini. Anakubali kwamba leja ya stoo haikuandikwa sawasawa. Palipotakiwa kuandikwa "mahindi magunia kumi, amepewa fulani" yeye aliandika "matumizi mengineyo". Kamati inamwambia: kwa kuwa umekiri kuhusu leja, hatutakuuliza habari ya magunia. Toa faini, toa na mchango kwa ajili ya watoto, uende zako.

Ndivyo ilivyokuwa. Mapatano kati ya kampuni na wapelelezi yalikuwa kwamba jumla itakayotolewa ni pauni milioni 30, na faini yoyote itakayotozwa na mahakama itatolewa humohumo; kinachobaki kitalipwa kwa manufaa ya watu wa Tanzania. Jaji Bean, aliyesikiliza shauri, hakupendezwa. Alisema, kwa maana nitakayoieleza kwa maneno yangu, kwamba mpango wa namna hiyo unaisukuma mahakama iweke faini ndogo, kwa kuwa kila pauni ya faini ni pauni wanayonyang'anywa Watanzania. Alisema pia kwamba ni ujinga kuamini kwamba wakala yule alikuwa mshawishi tu mwenye malipo mazuri. Akashangaa kuona mwendesha mashtaka anakubali kutoishtaki kampuni kwa makosa mengine yaliyopita. Lakini jaji huhukumu shauri lililoletwa mbele yake. Akatoza faini ya pauni laki tano, na gharama za kesi pauni laki mbili na elfu ishirini na tano. Zikabaki pauni milioni 29.5.

Nawaheshimu majaji wa namna hiyo. Nadhani yeye ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyesema hadharani, akiwa kwenye kiti chake, kwamba jambo linaloitwa leja lilikuwa na magunia nyuma yake.

Sasa tuulize: nani alipaswa kutujibu? Kampuni ina wenye hisa, nayo hujibu kwao. Serikali ya Uingereza ina Bunge, nayo hujibu kule. Waingereza wana desturi nzuri ambayo wengi tuliisoma tukiwa vijana: waziri hujibu bungeni kwa kila linalotendwa na wizara yake, na baraza zima la mawaziri hubeba pamoja uamuzi uliopitishwa, hata kama baadhi yao waliupinga. Bibi Short aliupinga uamuzi wa rada lakini alibaki serikalini. Aliondoka mwaka 2003 kwa sababu ya vita vya Iraki. Habari ya rada yetu ilizungumzwa katika Bunge lao, Januari 2007, na yeye mwenyewe alisimama akasema uamuzi ule ulisukumwa kutoka ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo si haki kusema hawakuzungumza. Walizungumza.

Ila walizungumza wao kwa wao. Hapo ndipo napoona tatizo la kifalsafa ambalo halihusu Uingereza peke yake. Serikali ya kidemokrasia inamwogopa mpiga kura, na hofu hiyo ndiyo inayoifanya ijibu. Mfanyakazi wa kisiwa cha Wight ana kura. Mtoto aliyekaa sakafuni Songea hana kura London, wala mzazi wake. Uamuzi ule ulikuwa na faida kwa mwenye kura na hasara kwa asiye na kura, na mashine yote ya uwajibikaji, hata ikiwa imetiwa mafuta vizuri namna gani, haikutengenezwa kumsikia huyu wa pili. Watu wengi husema Waingereza ni wanafiki: wanahubiri utawala bora kwetu huku wanauza rada. Mimi naona neno unafiki linafupisha jambo. Mnafiki anajua anadanganya. Mfumo huu unaweza kuendeshwa na watu waungwana kabisa, kila mmoja akijibu sawasawa kwa wale wanaomhusu, na bado asipatikane hata mmoja wa kujibu kwa yule aliyeumia.

Jambo moja la pembeni. Mwaka 2002 sehemu ya msaada wa Uingereza kwa Tanzania ilizuiwa kwa muda kwa sababu ya rada ileile. Sitilii shaka nia njema ya Bibi Short. Lakini fikiria: muuzaji anatoka kwao, kibali kimetoka kwao, na anayezuiliwa fedha ni mnunuzi, ambaye hela zake za msaada zilikuwa ziende kwa watu walewale ambao hawakuulizwa kuhusu ununuzi. Wahenga wamesema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa tembo hata hawakupigana sana.

Na je, kwetu? Ningekuwa mwoga kama ningeandika kurasa nyingi juu ya London na kunyamaza juu ya Dar es Salaam na Dodoma. Mtanzania hana kura Uingereza, lakini anayo hapa. Kama kulikuwa na mtu mwenye wajibu wa kusimama mbele yetu na kueleza kwa nini tulinunua kwa bei ile, alikuwa wa kwetu. Aprili 2008 Mheshimiwa Andrew Chenge, ambaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati mkataba unatiwa saini, alijiuzulu uwaziri wa miundombinu baada ya magazeti kuandika habari za fedha zake zilizokuwa benki katika kisiwa cha Jersey. Alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Inapasa kusema hivyo kwa uwazi. Lakini aliziita "vijisenti", na neno hilo lilienea nchi nzima kwa wiki moja. Huku kwetu hata mama muuza vitumbua akawa anaulizia vijisenti vyake. Watu walicheka. Nadhani tulicheka kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kufanya. Hakuna kiongozi yeyote aliyetiwa hatiani na mahakama kwa ajili ya rada, si hapa wala kule. Hakuna aliyetupa maelezo kamili, akiyataja majina, hatua kwa hatua, jinsi bei ile ilivyofikiwa.

Kisha ukaja mzozo wa fedha zenyewe, ambao ulitufundisha mengi. Mapatano yalifanyika mwaka 2010, lakini hadi katikati ya mwaka 2011 hela hazijaonekana. Kampuni ilitaka iunde bodi yake yenyewe ya kuamua zitumikeje. Serikali yetu ilitaka zilipwe kwake. Ujumbe wa wabunge wetu, ukiongozwa na Naibu Spika wa wakati ule, Mheshimiwa Job Ndugai, ulikwenda London kudai. Kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia maendeleo ya kimataifa iliwaita wakuu wa kampuni na kuwabana kuhusu ucheleweshaji. Machi 2012 ndipo yalipotiwa saini makubaliano kwamba fedha zilipwe kwa Serikali ya Tanzania zikanunue vitabu na miongozo ya walimu kwa shule zote za msingi, zipatazo elfu 16, na sehemu nyingine zikanunue madawati.

Nakumbuka vile vijana walivyobishana kijiweni hapa Ruhuwiko. Mmoja alisema ni dharau kubwa: mwizi anamwambia mwenye mali, "Nitakurudishia, lakini kwanza unionyeshe utakavyotumia." Kijana mwingine, dereva wa bodaboda, akasema, "Wewe, zikija bila masharti utaziona?" Wote wakanyamaza. Kimya kile kilinisikitisha kuliko rada yenyewe. Hawakuwa na imani na aliyewadhulumu, na hawakuwa na imani na aliyepaswa kuwadai haki yao.

Vitabu vilikuja. Wakati huo nilikwisha staafu, lakini nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya mtaani. Siku ya kuvipokea katika leja palizuka hoja ndogo ambayo wengine waliiona ya kipuuzi. Katika leja ya vifaa kuna safu ya kuandika vilikotoka. Mwalimu wa taaluma aliuliza aandike nini: Serikali, Uingereza, au ile kampuni? Mjumbe mmoja akasema, "Andika msaada wa Waingereza." Mimi nikasema hapana, si msaada, mtu akirudisha chako hajakusaidia. Mama mmoja, mkulima wa mahindi wa upande wa Msamala, akasema, "Basi andika ni vya kwetu, vilichelewa." Tulicheka, na mwalimu mkuu akaandika "Serikali", kwa kuwa barua ya kuvipokea ilitoka halmashauri. Nilimwelewa. Lakini yule mama ndiye aliyesema sawa, hasa neno lile la mwisho. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 alimaliza la saba mwaka 2008. Fedha za rada zilipofika yeye alikuwa na kati ya miaka kumi na saba na kumi na minane, ama yuko sekondari, ama analima, ama ameolewa. Vitabu vile havikuwa vyake tena.

Hapa nikutane na pingamizi, kwa sababu ni zito na nisingependa kulikwepa. Rafiki yangu mmoja, naye mwalimu mstaafu, aliniambia: "Mwalimu, wewe unadai jibu. Jibu halikaliwi. Mtoto hawezi kuweka daftari lake juu ya jibu. Walilipa pauni milioni 29.5, mtambo uligharimu milioni 28, na mtambo tulibaki nao. Ni nchi gani ya Afrika imewahi kurudishiwa hela namna hiyo? Shukuru." Ni kweli kwamba ni nadra sana. Ni kweli pia kwamba Waingereza walijifunza kitu: sheria yao mpya ya rushwa ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, inaifanya kampuni kuwa na kosa ikishindwa kuzuia rushwa inayotolewa kwa niaba yake, hata nje ya nchi. Kampuni haitajificha tena kirahisi nyuma ya wakala. Hayo ni mema na yasikataliwe.

Na bado hoja ya rafiki yangu hainitoshi. Sababu yangu naweza kuieleza vizuri zaidi kwa jambo lililotokea hapahapa Songea.

Msomaji anajua kwamba mwaka 1906, katika Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga wazee wetu hapa mjini, akiwamo Nduna Songea Mbano ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Fuvu lake linaaminika kwamba lilichukuliwa kwenda Ujerumani. Kwa zaidi ya miaka mia moja hatukusikia neno kutoka kwa serikali ya nchi ile hapa mahali pa kaburi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakaa na ukoo wa Mbano, akasema kwamba anaona aibu kwa yaliyotendwa, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watajitahidi kulitafuta fuvu. Hakuleta hela za fidia. Wapo waliosema, "Maneno matupu." Wana haki ya kudai zaidi, na mimi naungana nao, maana nchi iliyoteketezewa chakula hadi watu wakafa njaa haiponi kwa hotuba. Lakini niliona nyuso za wazee wa ukoo ule. Kitu fulani kilikuwa kimefika kwao ambacho kilikuwa kikingojewa tangu enzi za babu zao. Mtu aliyebeba jina la nchi iliyoua alisimama mbele yao, si mbele ya wapiga kura wake, akaitaja kwa jina lake kazi iliyofanyika.

Wiki ileile, tena kwa tofauti ya siku moja, Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi. Alisema kwa huzuni kwamba Wakenya walitendewa ukatili usio na udhuru wakati wa kupigania uhuru. Msamaha hakuuomba. Serikali yake ilikwisha lipa mwaka 2013: pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, pamoja na tamko la kusikitika, huku ikishikilia kwamba haikubali dhima kisheria. Mjerumani alijibu bila kulipa. Mwingereza alilipa, akasikitika, lakini mbele ya sheria akasema si mimi. Ukiniuliza lipi bora, nitasema yote mawili ni nusu. Ila naona Waingereza, ambao sheria zao na Bunge lao nimevistahi tangu nikiwa kijana chuoni, wamekuwa na mazoea ya nusu ile inayopimika kwa pauni. Labda ni kwa sababu mwanasheria wao huwaambia kwamba neno "samahani" ni hati ya madai. Inawezekana ni kweli kisheria. Lakini ukiweka rada na Mau Mau pamoja utaona mwandiko ni mmoja: lipa, usikiri, funga faili.

Ubaya wa kufunga faili namna hiyo si hisia za wazee tu. Jibu lina kazi ya vitendo. Mtunza stoo akilipa magunia bila kueleza yalitokaje, mwalimu mkuu hajui kama mlango una ufunguo wa pili. Tungepewa maelezo kamili ya rada, nani alipendekeza, nani alikadiria bei, nani aliona tahadhari za Benki ya Dunia na ICAO akaziweka pembeni, na kwa sababu gani, tungejua ufa uko wapi. Hatukupewa. Tulipewa vitabu.

Mwaka 2017 serikali yetu ilitia saini mkataba mwingine wa rada, safari hii na kampuni ya Thales ya Ufaransa. Rada nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza, na ya nne ni hapa kwetu Songea. Bei iliyotangazwa ni shilingi bilioni 67.3 kwa zote nne, ambazo kwa thamani ya wakati ule ni kiasi cha dola milioni 30. Yaani nne kwa bei iliyo chini ya ile moja. Najua vyombo vya kielektroniki hushuka bei kadiri miaka inavyopita, na najua mtambo wa kijeshi si sawa na wa kiraia. Sitaki kulinganisha embe na nazi. Lakini mkulima yeyote wa Ruhuwiko akielezwa namba hizo mbili atauliza swali lilelile aliloliuliza mwaka 2008, na hatapata wa kumjibu, kwa kuwa wale waliojua wamestaafu, wengine wamefariki, na faili lilifungwa kwa faini ya leja.

Uwanja wa ndege uko jirani na kwangu. Ndege ikipita juu, wajukuu hukimbia nje kuipungia mkono, na mkubwa wao, aliye darasa la sita, amekwisha niuliza rada inaonaje ndege gizani. Hilo nilimweleza, kwa mfano wa popo. Akauliza ile ya zamani ilikuwa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akauliza kwa nini ilikuwa ghali vile. Nimemwandikia mambo haya ayasome akikua kidogo, na nimempa pia jina la mbunge wetu na la mji ambako Bunge la Uingereza hukutana, ili akitaka kuuliza mwenyewe ajue pa kupeleka barua.